Aliyefika wa Mwisho Naye Anastahili Kitabu

Wako watu wanaoamini kwamba kitabu chema sharti kiwe kizito kama jiwe la kusagia, na kwamba mwandishi anayechekesha amejivua heshima yake hadharani. Watu hawa wakisikia kwamba kijana fulani ataka kutunga riwaya ya kuchekesha juu ya mashindano ya pikipiki, tena si mashindano ya mabingwa wanaolipwa mishahara, bali ya mafundi, makarani na walimu wanaoshindana siku za mapumziko kwa fedha za mifuko yao wenyewe, hutikisa vichwa wakauliza: Je, mambo ya maana yamekwisha duniani? Swali hili huulizwa kwa sauti ya hekima, lakini ndani yake mna kiburi zaidi kuliko hekima. Insha hii yataka kulijibu.

Mimi nashikilia mambo matatu. La kwanza, mashindano ya watu wasiolipwa ni shamba lenye rutuba kubwa kwa mwandishi kuliko mashindano ya mabingwa. La pili, kuchekesha ni kazi ngumu, ya heshima, na yenye faida kwa msomaji. La tatu, wale wanaomkataza kijana kucheka katika maandishi yake wanaidhulumu lugha na wanamdhulumu kijana mwenyewe. Msomaji asinikubalie upesi; na apime kila neno kwa mizani yake, kisha ahukumu.

Tuanze na shtaka la kwanza, kwamba jambo lenyewe ni duni. Asemaye hivi hajui historia yake. Mwaka 1903 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyokataza vyombo vya moto kwenda zaidi ya maili 20 kwa saa katika barabara za nchi hiyo. Wapenda mbio walikuwa na mitambo, walikuwa na hamu, lakini hawakuwa na barabara. Wakavuka bahari kwenda Isle of Man, kisiwa kidogo kilichoko kati ya Uingereza na Ireland, chenye bunge lake cha kale liitwalo Tynwald. Mwaka 1904 bunge hilo liliruhusu barabara za kisiwa zifungwe kwa ajili ya mashindano ya motokaa, na mwaka 1907 yakaanza mashindano ya pikipiki yanayojulikana mpaka leo kwa herufi mbili tu, TT.

Itazame siku ile ya kwanza, tarehe 28 Mei 1907. Pikipiki 25 ziliingia katika njia ya maili 15 na ushei, iliyozungukwa mara kumi katika vumbi na kokoto. Petroli ilihesabiwa, maana wenye mashindano walitaka kujua nani mwenye mbio, na pia nani asiye mlafi wa mafuta. Charlie Collier, aliyeshinda upande wa pikipiki za silinda moja, alikwenda kwa wastani wa maili 38 kwa saa, mwendo ambao leo basi la abiria huupita bila kujisifu. Upande wa silinda mbili alishinda Rem Fowler, na ushindi wake ulikuwa msururu wa misiba midogo. Alisimama mara nyingi kutengeneza hiki na kile; mpira wa gurudumu ulimpasukia akiwa mbioni; na husimuliwa kwamba alikuwa karibu kukata tamaa na kuacha, hapo mtazamaji mmoja wa kando ya njia alipomwambia kwamba yeye ndiye aliyekuwa mbele ya wote. Fikiri, msomaji: mtu anashinda na mwenyewe hajui kwamba anashinda! Anataka kuiacha taji kwa kuwa amechoka kuinama. Hakuna mtunzi aliyembuni mtu huyu. Maisha yenyewe yalimtunga, yakamwacha kando ya barabara na spana mkononi akingoja mwandishi apite.

Tena katika kisiwa kile kile, mwaka 1923, yalianzishwa mashindano maalumu ya washindani wa ridhaa, yaani watu wasioshindana kwa ujira. Mwaka 1930 yalibadilishwa jina yakaitwa Manx Grand Prix, na kwa jina hilo yanajulikana hata sasa. Njia yao ni ile ile ya mabingwa: zaidi ya maili 37 kwa mzunguko mmoja, ikipita baina ya nyumba za watu, kando ya kuta za mawe, ikikwea mlima penye ukungu na kuteremka tena mjini. Mshindani mgeni huvikwa kizibao cha rangi ya machungwa ili kila mtu ajue kwamba ni mgeni. Hebu mfikirie mtu mzima, mwenye mke na watoto na deni la nyumba, anayeheshimiwa kazini kwake, akisimama mbele ya umati katika kizibao kinachotangaza kwa rangi kali: Mimi ni mwanagenzi, nihurumieni. Jambo hili ni duni? Mimi naliona kuwa ni somo zima la tabia ya binadamu, lililoshonwa katika kitambaa kimoja.

Wala si lazima twende mpaka kisiwani. Katika mashindano ya vyama vidogo vya Uingereza, mambo ni yale yale siku zote. Mshindani huondoka alfajiri na gari la kuazima, pikipiki imefungwa nyuma kwa kamba. Kabla ya kuruhusiwa kuingia njiani hupita mbele ya mkaguzi. Mkaguzi hutikisa magurudumu, hubana breki, hutazama kofia ya chuma, huchungulia chini ya injini. Kanuni yataka bolti ya kumwagia mafuta machafu itobolewe tundu dogo, ipitishwe waya na kukazwa, ili isifunguke yenyewe. Kwani tone la mafuta njiani laweza kuwaangusha wote wanaofuata. Basi mshindani amekesha usiku akitoboa chuma kigumu kwa keekee nyembamba, na keekee zimemkatikia moja baada ya nyingine. Hatimaye apata tundu, apitisha waya, aenda kulala saa chache. Asubuhi mkaguzi atazama, akamwambia kwamba waya umezungushwa upande usiofaa: badala ya kuikaza bolti, unaivuta ifunguke. Hapa mwandishi hana haja ya kuongeza chumvi. Chumvi imo tayari.

Akiisha kuruhusiwa, huingia katika utawala wa bendera. Bendera ya manjano humwonya kwamba mbele pana hatari, asimpite mwenziwe. Nyekundu humwambia mbio zimesimamishwa. Ile ya miraba myeusi na myeupe humwambia mbio zimekwisha. Lakini iko na bendera ya buluu, na hii ndiyo rafiki mkubwa wa mwandishi mcheshi. Maana mshindani huonyeshwa hiyo pale ambapo mwenye mbio zaidi anamjia kwa nyuma na anataka kupita. Bingwa huweza kumaliza mwaka asionyeshwe bendera hiyo hata mara moja. Mshindani wa mwisho huiona mara nyingi mpaka akadhani kwamba ndiyo rangi ya chama chake.

Sasa nalitoa jambo ambalo ndilo moyo wa hoja yangu. Watu wengi husema: Kama lazima uandike juu ya mashindano, mwandike bingwa. Mimi nasema bingwa ni mhusika maskini. Kitabu cha bingwa kinajulikana mwisho wake kabla hakijafunguliwa: alifanya kazi kwa bidii, alianguka, aliinuka, alishinda. Ni wimbo wa sifa, na wimbo wa sifa una mahali pake; lakini hauna mlango wa kuingilia msomaji wa kawaida. Kati ya watu mia wanaosoma kitabu hicho, labda mmoja atakuwa bingwa wa kitu fulani. Tisini na tisa waliobaki watafika wa kumi na saba, au wa ishirini na tatu, au hawatafika. Nani atawaandikia hao? Nani atawaambia kwamba maisha ya aliyefika wa mwisho nayo yana ujasiri, yana matumaini, yana aibu na furaha? Mwandishi mcheshi ndiye awaambiaye, na huwaambia bila kuwadanganya kwamba kesho watakuwa mabingwa.

Hili si jambo jipya. Mwaka 1605 Miguel de Cervantes wa Hispania alitoa sehemu ya kwanza ya kitabu cha Don Quixote. Ni hadithi ya mzee aliyesoma vitabu vya mashujaa mpaka akajiona shujaa, akavaa deraya kuukuu, akapanda farasi aliyekonda, akatoka kwenda kupigana na maovu ya dunia. Mvue deraya, umvike koti la ngozi lililonunuliwa mkono wa pili. Mwondoe farasi aliyekonda, umpe pikipiki iliyozeeka inayovuja mafuta. Kisha uniambie tofauti i wapi. Mtu ni yule yule. Anachoona yeye na wanachoona wengine ni vitu viwili, na katika nafasi iliyoko baina ya vitu hivyo viwili ndimo kicheko kinamokaa. Wataalamu wengi wa fasihi wanakihesabu kitabu hicho kuwa miongoni mwa nguzo za riwaya ya dunia. Kama mzee mmoja na farasi wake mkondefu waliweza kuibeba nguzo hiyo, kwa nini karani mmoja na pikipiki yake wasiweze kubeba kitabu kimoja?

Na wala wazo la kuyacheka mashindano ya pikipiki si geni. Mwaka 1935 ilitolewa sinema ya Kiingereza iitwayo No Limit, ambamo mchekeshaji George Formby aliigiza kijana wa mji wa Wigan anayejitengenezea pikipiki na kwenda nayo Isle of Man kushindana na mabingwa. Watu wa kisiwa kile, wanaoyaenzi mashindano yao kuliko watu wowote, hawakuichukia sinema hiyo. Wanaikumbuka kwa mapenzi hata leo. Wenye jambo wanalicheka jambo lao wenyewe, na mgeni aliyeko mbali anasema kwamba si heshima kucheka! Huyu ni sawa na mtu anayeombeleza katika harusi kuliko aliyefiwa matangani.

Nakuja kwenye shtaka la pili, kwamba kicheko ni kitu chepesi, kazi ya watu wasioujua uzito wa maisha. Shtaka hili huvunjika mara tu tunapotazama maisha ya wachekeshaji wenyewe. Cervantes alijeruhiwa katika vita vya Lepanto mwaka 1571, na mkono wake wa kushoto haukufaa tena kwa kazi. Mwaka 1575 alitekwa baharini akapelekwa Algiers, akakaa kifungoni miaka mitano. Jerome K. Jerome, Mwingereza aliyeandika Three Men in a Boat mwaka 1889, alifiwa na wazazi wake akiwa kijana mdogo, akaonja ufukara, akafanya kazi ya chini katika shirika la reli. Watu hawa hawakucheka kwa kuwa hawakujua kulia. Walilia kwanza, kicheko kilikuja baadaye, kama mti unaoota juu ya kaburi na kutoa kivuli kwa wapita njia.

Kisa cha Jerome kina funzo jingine. Yeye alikusudia kwanza kuandika kitabu cha maana, kuhusu mto Thames, historia yake na mandhari yake. Mizaha juu ya wanaume watatu wasiojua vyema kazi ya mashua, wasioweza kufungua mkebe wa nanasi wala kusimamisha hema, iliingia kama kitu cha pembeni, ikaja ikatawala. Wahakiki wa siku zile walimbeza kwa kuwa alitumia maneno ya watu wa mtaani. Wasomaji hawakuwasikiliza, wakakinunua kitabu kwa maelfu; na mpaka sasa kinachapwa na kusomwa, hali majina ya wahakiki wale yamesahauliwa na wengi. Historia na mandhari zilimezwa na mkebe wa nanasi, na mkebe ndio uliodumu. Nawaachia wapenda uzito waeleze kwa nini.

Na sisi wa Afrika ya Mashariki tusijifanye wageni katika jambo hili. Wazee wetu walifundisha kwa Sungura na Fisi kabla hapajakuwa na shule. Abunuwasi aliyetoka katika masimulizi ya Waarabu alikaribishwa pwani, akapewa kiti, akaishi nasi kama mwenyeji, kwa sababu moja tu: alijua kumfedhehesha mwenye kiburi bila kumpiga. Mtu aliyelelewa kwa hadithi hizo, kisha akikua akasema kwamba kicheko hakina elimu, amelikana titi alilonyonya.

Shtaka la tatu ni zito kuliko yote, na sitalipita mbio. Linasema hivi: Mchezo huu unaua, kuucheka ni ukatili. Ni kweli kwamba unaua. Katika njia ile ya mlimani ya Isle of Man, tangu ilipoanza kutumiwa kwa mbio za pikipiki mwaka 1911, wamekufa washindani zaidi ya 250 katika mazoezi na mashindano. Leo walio hodari huizunguka kwa wastani unaopita maili 130 kwa saa, baina ya kuta zile zile za mawe, na ukuta wa mawe hauna huruma. Mwandishi asiyeijua habari hiyo, au anayeijua akaificha, hafai kuaminiwa na msomaji.

Lakini tazama hoja yenyewe inavyokwenda. Yatokana na wazo kwamba mtu akicheka karibu na hatari, anaicheka hatari au anamcheka aliyeumia. Sivyo. Kuna vitu viwili vya kuchekwa hapa na kimoja kisichochekwa. Chaweza kuchekwa kiburi cha mtu anayejiona bingwa kabla hajawasha injini. Chaweza kuchekwa kitu kaidi, yaani ule mnyororo unaokatika siku ya mashindano baada ya kukaa mzima mwaka mzuri. Kisichochekwa ni jeraha, na mauti, na mjane. Mwandishi mcheshi mwenye akili hujua mpaka huo kama dereva ajuavyo ukingo wa barabara. Na pale kitabu chake kinapoukaribia, hupunguza mwendo, hunyamaza, huwaacha wahusika wake wavue kofia. Ukurasa mmoja wa kimya katikati ya kurasa mia za kicheko humgusa msomaji kuliko kitabu kizima cha maombolezo, kwa sababu msomaji amekwisha kuwapenda watu hao alipokuwa akiwacheka.

Zaidi ya hayo, nageuza shtaka na kulielekeza kwa walioleta. Ni nani anayemhatarisha kijana: anayekicheka kiburi cha mbio, au anayekisifu? Wimbo wa sifa humwambia kijana kwamba mwenye kwenda kasi ni mwanamume na mwenye kwenda taratibu ni mwoga. Riwaya ya kuchekesha humwonyesha mwenye kwenda kasi akiwa mtaroni, mzima wa mwili lakini ameloa matope hadi masikioni, akieleza kwamba kosa lilikuwa la barabara. Kijana wa Kenya aonaye kila siku pikipiki za abiria zikipenya baina ya magari, mwendeshaji hana kofia na abiria watatu wamembana mgongoni, hahitaji kuongezewa sifa za mbio. Ahitaji mtu wa kumfanya acheke kwa aibu kidogo anapojiona mwenyewe katika ukurasa. Kemeo huingia sikio hili na kutokea lile. Kicheko, kikiisha kuingia, hukaa.

Shtaka la nne husema kwamba asiyekuwa mshindani hodari hana haki ya kuandika juu ya mashindano. Hili lina nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ni hatari kuliko uongo mtupu. Tuangalie kisa kinachojulikana vizuri. Mwaka 1836 wachapishaji Chapman na Hall wa London walimwendea Charles Dickens, kijana wa miaka 24, wakamtaka aandike maelezo ya kufuatana na picha za mchoraji Robert Seymour. Mpango ulikuwa juu ya chama cha watu wa mjini wanaojitia katika michezo ya shamba, kuwinda na kuvua, wakapata mikasa kwa kutokujua. Dickens alikataa kwamba mambo yaende hivyo hivyo, akaeleza kwamba yeye si mtu wa michezo ya namna hiyo, akaomba uhuru wa kuandika juu ya watu na maisha ya Uingereza kwa upana. Akapewa uhuru huo, na kwa hiyo ulimwengu ukapata The Pickwick Papers, iliyotoka kwa sehemu kila mwezi mpaka mwaka 1837. Hata hivyo alimbakiza mhusika mmoja kutoka katika mpango wa kwanza: Bwana Winkle, anayesifika kwa ustadi wa michezo, na ambaye kila akipewa bunduki, au farasi, au viatu vya kutelezea juu ya barafu, siri yake hufichuka.

Mafunzo mawili yamo humo. La kwanza, Dickens hakuwa hodari wa michezo, na bado alimwandika Winkle ambaye wasomaji hawajamsahau. Alimjua si kwa kujua kuwinda, bali kwa kujua jinsi mtu anavyoona haya anapokamatwa akijisingizia kujua. La pili, alikataa kuandika kitabu kizima juu ya jambo asilolifahamu kwa ndani. Basi mwandishi wetu hapaswi kuwa bingwa. Lakini anapaswa kuijua kazi. Ajue nini hukatika na kwa nini. Ajue breki ya mbele hufanya nini barabara ikiwa imelowa. Ajue jinsi mshindani anavyoona kiu baada ya mbio, na jinsi mikono inavyotetemeka anapovua glavu. Ajue majina ya vyombo kama seremala ajuavyo randa na tupa. Mzaha uliojengwa juu ya kosa la ufundi huanguka. Fundi mmoja akisoma na kusema, Kitu hiki hakiwezekani, kicheko kimekufa, na hakuna daktari wa kukifufua. Kwa hiyo anayedhani kwamba riwaya ya kuchekesha ni kimbilio la wavivu, na ajaribu. Mwandishi wa huzuni akikosea jambo dogo, machozi ya msomaji humfichia kosa. Mwandishi wa kuchekesha hana pazia hilo.

Sasa, ili nisionekane kuwapendelea wa upande wangu, nina neno kali kwao pia. Uko ucheshi wa uongo, nao ndio uliowapa wapinzani wetu silaha. Uko ucheshi wa kumwiga kigugumizi. Uko ucheshi wa kuitaja kabila fulani na kungoja watu wacheke kwa sababu kabila limetajwa. Uko ucheshi wa kumwangusha mhusika katika tope kila ukurasa, kwa kuwa mwandishi hana jambo jingine la kumpa. Huo si ucheshi. Ni uvivu uliovaa kofia ya karagosi. Humcheka mtu kwa jinsi alivyozaliwa, jambo asiloweza kulibadili. Ucheshi wa kweli humcheka mtu kwa lile alilojichagulia: majivuno yake, ubahili wake, visingizio vyake, ile hesabu anayomfanyia mkewe ili kuthibitisha kwamba injini mpya ni akiba na si gharama. Tena mwandishi mwadilifu hujiweka naye ndani ya kundi la wanaochekwa. Nyani haoni kundule, wasema wahenga. Kazi ya ucheshi ni kumpa nyani kioo, na mwenye kukishika kioo asisahau kwamba yeye naye ana mgongo.

Kwa nini basi nayasema haya kwa wanafunzi na si kwa wachapishaji? Kwa sababu ugonjwa huanzia shuleni. Mwanafunzi apewa insha aandike juu ya siku asiyoisahau. Moyoni anayo siku hiyo: siku baiskeli ya mjomba ilipokataa kusimama mteremkoni ikaingia katika shamba la mahindi la mwalimu mkuu. Lakini afikiri kwamba jambo hilo halina adabu ya kuandikwa, akaliacha, akaandika juu ya siku ya furaha kubwa jua lilipokuwa liking'aa na ndege wakiimba. Ndege hao wameimba katika insha za shule kwa miaka mingi sana, na nina hakika wamechoka. Kitu cha kweli kimezikwa. Kitu cha kuazima kimevikwa nguo safi na kupewa alama. Kijana huyu amefundishwa kwamba maandishi ni mahali pa kusema yale asiyoyaona. Akikua, ataandika hotuba za namna hiyo, na barua za namna hiyo, na labda sheria za namna hiyo.

Ewe msomaji kijana, kama unayo hamu ya kutunga, usiogope jambo kwa kuwa ni dogo, wala usiogope kicheko kwa kuwa kinasikika. Tafuta watu wanaofanya kitu kwa mapenzi tu, bila ujira, na bila matumaini makubwa ya kushinda. Si lazima wawe waendesha pikipiki. Wapo waimbaji wa kwaya wasioshika sauti, na wachezaji wa mpira wa kijiji wenye viatu kwa mguu mmoja. Kaa nao. Jifunze kazi yao mpaka uweze kuifanya vibaya kama wao. Wapende kwanza, ndipo uwacheke. Na ukiona huwapendi, weka kalamu chini, kwa maana utakachoandika kitakuwa dhihaka tu.

Na wewe unayeuliza kama mambo ya maana yamekwisha duniani, jibu lako ni hili. Hayajakwisha. Mojawapo ni hili la mtu anayejua kwamba hatashinda, ambaye jana usiku keekee tano zimemkatikia mikononi, ambaye leo ameonyeshwa bendera ya buluu mara nne, na ambaye bado anajaza fomu ya mashindano ya mwezi ujao. Ukiweza kueleza kwa nini anaijaza, umeeleza sehemu kubwa ya ubinadamu. Ukiweza kuieleza na msomaji akacheka, umeieleza vizuri zaidi.